Kupima nguvu ya klorini, bromini na iodini kwa testityubu tisa

Wanafunzi wengi hukariri kwamba ukishuka kundi la VII la jedwali la elementi, yaani halojeni kama klorini, bromini na iodini, nguvu ya kumenyuka hupungua. Jaribio hili linawaonyesha kwa macho.

Andaa myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) wa kloridi, bromidi na iodidi ya potasiamu. Andaa pia maji ya klorini, maji ya bromini na myeyusho wa iodini, vyote vyepesi. Maji ya klorini yawe ya siku hiyohiyo, maana mwanga huyageuza polepole kuwa asidi ya hidrokloriki, na hapo hutaona kitu. Fungua madirisha, vaa miwani na glovu, zima kila moto: heksani, kiyeyusho utakachoongeza baadaye, hushika moto upesi.

Mimina sm³ 2 za myeyusho wa kila chumvi katika testityubu mbili, kisha tone kwa tone ongeza katika kila moja halojeni tofauti ambayo haimo kwenye chumvi hiyo. Hizo ni sita. Tatu zilizobaki zitie maji matupu na halojeni moja moja, ziwe za kulinganishia. Usiziruke. Iodini ikitiwa kwenye bromidi, heksani itakuwa zambarau, na mwanafunzi ataandika kwamba kuna mmenyuko. Kumbe ni iodini ileile uliyoitia.

Ongeza sm³ 1 ya heksani katika kila testityubu, ziba, tikisa, acha itulie. Heksani huelea juu: bromini huipa rangi ya machungwa, iodini zambarau. Ndani ya maji rangi hizo mbili hukaribiana mno, ndiyo maana tabaka la juu ndilo la kusoma. Klorini itatoa bromini na iodini kwenye chumvi zake na kuchukua nafasi yake, bromini itatoa iodini tu, iodini haitatoa chochote.

Cl₂ + 2KBr → 2KCl + Br₂

Klorini ikizidi kwenye iodidi, rangi huonekana kisha hufifia, kwa kuwa iodini nayo inaoksidishwa, yaani inanyang'anywa elektroni. Rudia kwa matone machache.

Kwenye maelezo ndipo alama nyingi hupotea. Iodini ina protoni 53, klorini 17, basi mbona klorini ndiyo inayonyang'anya elektroni? Elektroni inayovutwa huingia ganda la tatu kwa klorini, la tano kwa iodini: iko mbali zaidi na kiini, tena imekingwa na maganda mengi ya ndani. Jibu litaje vyote viwili, umbali na kukingwa.

Mabaki ya heksani yasiende kwenye sinki. Yakusanye kwenye chupa yenye lebo.