Motoka ya spoti ya kujiungia hapa Lubumbashi: moteri kwanza, sura kisha

Batu mingi banaanza kwa sura. Mutu anaona foto ya Cobra ao ya Porsche ya kizamani mu telefone, anatafuta bei ya karosri (bodi ya inje), analipa, halafu njo anauliza moteri gani itaingia mule. Hapana, bandugu. Hapa kwetu uanze na swali ingine kabisa: siku motoka itakufa mu barabara ya Likasi, piesi yake utaitosha wapi? Kama ni hapa mu muji, ku komini ya Kenya ao ya Kamalondo, kwa bale benye kuuzisha okazio ya Japani, endelea. Kama ni paka Uingereza, basi utakuwa na sanamu ya muzuri sana mu parsele, na batoto ya jirani batakuja kupiga nayo foto.

Miye nasema juu ya replika, ni kusema motoka yenye sura ya ile ya zamani ya bei kali lakini chini yake ni shasi mupya na moteri ya motoka ya kawaida. Unanunua karosri na shasi, ya kubakia unaitosha ku motoka ingine nzima, yenye tutaita motoka-mama. Hii biashara ya kuuzisha motoka mu vipande ilipata nguvu Uingereza juu ya kodi: Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitosha Lotus Seven mu 1957, na mwenye kuinunua mu vipande na kuiunga mwenyewe alikuwa anakwepa kodi yenye ilikuwa inapiga motoka za kumaliza. Mu 1973 VAT (sawa TVA yetu) ikaingia na ile mwanya ikafungwa, na mwaka ule ule Lotus ikaachia Caterham haki ya Seven. Kodi ilienda, lakini batu bakabakia na furaha ya kuunga.

Sasa sura gani. Seven ni ya rahisi kuelewa: tibu za kare, bibati bya aluminiamu byenye havina mikunjo mingi, fibre (nyuzi za kioo na rezini) paka ku pua na ku gardebu. Caterham iko na kilo 500 mpaka 600 hivi, ndiyo maana hata moteri ya kawaida inairusha. Shida yake ni chini, ile motoka inalala ku lami, na unajua manidepule yetu, mashimo ya barabara. Kama unaenda nayo, uagize resori na amortiseri zenye zinaipandisha ifike sentimita 14 ao 15 chini ya karteri (ile bakuli ya mafuta chini ya moteri), na ufunge bati la chuma chini ya karteri, usijali bale ba intaneti batasema umeharibu mustari wake, bale habapiti ku komini ya Ruashi mu mwezi wa pili, wakati wa mvua.

Kisha kuko Speedster, ile Porsche 356 ya wazi ya 1954. Replika yake inakaa ku shasi ya Volkswagen Coccinelle, ile ya bazee. Coccinelle iko na milimita 2400 kati ya mataya ya mbele na ya nyuma, 356 iko na 2100, kwa hiyo banakata sakafu, banatosha karibu sentimita 30, banasudere tena. Miye naipendea hapa L'shi (Lubumbashi) sababu mbili: haina radiateri juu moteri yake inapozwa na hewa, na inasimama juu kidogo kupita Seven. Tena Afrika ya Kusini ilikuwa inatengeneza Coccinelle ku Uitenhage mpaka 1979, ndiyo maana piesi zingali zinapatikana kule. Lakini Coccinelle yenye sakafu haijaoza ni ya kutafuta, upige chini ya batri (iko chini ya kiti ya nyuma) na nyundo kidogo, kama inalia poo, uache.

Cobra sasa. Carroll Shelby, Mumerikani, alifunga V8 ya Ford (moteri ya silinda nane) mu motoka ya AC, kampuni ya Uingereza, mu 1962, na leo njo replika inajulikana zaidi. Marekani kuko kampuni ya Factory Five tangu 1995, lakini kwetu karibu ni Afrika ya Kusini: Backdraft iko Durban, Superformance zinaungwa Port Elizabeth, ile banaita sasa Gqeberha. Na usikimbilie V8 ya Ford. Kule Afrika ya Kusini batu mingi banaweka V8 ya Toyota, 1UZ-FE, litre 4, aluminiamu yote, ile ya Lexus LS400 na Celsior. Mekanisie yetu akisikia Toyota haogopi, na hiyo njo bima yako. Kama V8 inakutisha juu ya esansi, mutu anaweza kufunga moteri na bwati ya vitesi ya Toyota Altezza, 3S-GE na vitesi sita, ni ya propilsio nyuma, ni kusema magurudumu ya nyuma njo inasukuma. Sauti haitakuwa ile, tuseme ukweli. Na ujue hapa tuko ku metre 1200 hivi juu ya bahari, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu farasi 12 mu kila 100, kwa hiyo zile hesabu za katalogi uzipunguze mbele ya kuota.

Na Ferrari ya kutengenezwa juu ya Toyota MR2 ao Pontiac Fiero? Miye sikushauri. Milango, bioo, taa, kila kitu kinataka kufanana na ya kweli, na ikikosa kidogo tu kila mutu anaona. Halafu kuko mambo ya haki: mu 2019 polisi ya Brazil iliingia mu garaji moja ya Itajaí yenye ilikuwa inatengeneza Ferrari na Lamborghini ya uongo, ikabeba zote. Hata ku Cobra, usibandike alama ya kampuni yenye haikuitengeneza. Acha pua tupu, ni muzuri vilevile.

Mbele ya kulipa, omba liste ya bintu byenye havimo mu karito. Hiyo liste njo inasema bei ya kweli. Mara mingi utakuta hakuna parebrizi, hakuna wayaringi, hakuna taa, hakuna biti, hakuna peneu, na ile bei uliona ku tangazo si hata nusu ya franga zenye zitatoka. Uulize tena volan. Afrika ya Kusini, Zambia, Japani, bote beko na volan ku kuume, shiye tunapita kuume kwa barabara kwa hiyo volan inatakiwa kushoto. Usifikiri utageuza kremayeri (ile fimbo ya meno yenye inageuza magurudumu) ya motoka-mama juu-chini uende, ukiigeuza utapiga volan kushoto magurudumu yaende kuume. Agiza kremayeri ya volan ya kushoto tangu mwanzo, pamoja na mahali pa pedali.

Njia: Beitbridge, Chirundu, mpaka Kasumbalesa, ao kupitia Botswana na daraja ya Kazungula yenye ilifunguliwa mu 2021. Karosri ya fibre iteremushwe kwa mikono, na isibebwe chini ya simenti. Deklara wako, mwenye kukupitishia mizigo ku duane, umwonyeshe fakture mbele ya mizigo kutoka kule, si siku lori imefika ku mpaka, umuulize wazi DGDA (duane) na OCC (ofisi ya kukagua bintu) batazihesabu sawa piesi ao sawa motoka, na ile jibu aiandike. Karatasi zote za motoka-mama uziweke, fakture ya shasi pia, na upige foto nimero ya moteri na ya shasi ingali safi. Siku ya plake utazililia.

Bon, tuingie mu garaji.

Kama shasi imekuja ya kumaliza, ipime tu: weka ku mahali palipo sawa, pima kona kwa kona mu msalaba, tofauti ikipita milimita 3 usifunge kitu. Kama unataka kuitengeneza hapa, na wengi banataka juu ya bei, hapo Lubumbashi iko na nguvu. Huu muji umekomaa na Gécamines ya migodi na SNCC ya reli, basudere, baajistere na baturnere bazee beko, na batoto yabo bamejifunza kwao. Shasi ya aina ya Seven ni tibu ya kare ya milimita 25, unene milimita 1.6. Hapa njo fungua macho, juu tibu nyingi za bale benye kufanya madirisha na milango ya chuma ni nyembamba kupita pale, na kwa macho huoni. Enda na piye a kulisi yako, kile kifaa cha kupima unene, upime kila tibu ku mwisho, mwenye duka akikasirika enda kwa mwenzake.

Musudere wako hata akiwa bingwa, usimuruhusu kuanza bila meza. Meza ya chuma nzito, ya sawa kabisa, unachora pulani juu yake, unafunga tibu na bapointi ndogondogo kwanza, shasi yote, unapima tena msalaba, kisha njo anasudere kidogo huku, kidogo ngambo ile. Akisudere upande moja mpaka mwisho moto utavuta chuma na shasi itapinda, na shasi ya kupinda hakuna paralelismu (kunyoosha magurudumu) itaiponyesha. Kwa mahali panashika brasi za suspansio mutumie mashine ya kusudere ya MIG ao TIG na mutu mwenye anaizoea. Bulo za suspansio, volan na mikanda ziwe na 8.8 (nimero ya nguvu ya chuma) imeandikwa ku kichwa, na ekru zenye nailoni ndani, kila mara mupya. Hapa sitanii. Bulo ya soko isiyo na nimero ifungie plake ya mbele tu.

Kisha unga yote bila rangi. Ndiyo, yote: moteri, bwati, radiateri, volan, pedali, biti, hata karosri iwekwe juu. Ukae ndani, ukanyage ambriaji, uone kama goti linagusa volan, ufunge kapo uone kama inapita juu ya admisio, juu moteri za Japani ni ndefu kwenda juu na kapo ya Seven ni ya chini. Ukigundua tibu inazuia kolekteri ya eshapema, sasa njo wakati wa kukata. Baada ya rangi utakata na kulia. Wakati yote inakaa vizuri, fungua tena, paka rangi shasi, unga mara ya mwisho. Batu banaona ni kazi mara mbili, mi naona ni mara moja tu kwa akili.

Fibre iko na majira yake. Rezini ya poliesta inataka katalizeri ya asilimia 1 mpaka 2, na joto likipanda inakamata haraka sana, mu mwezi wa kumi utachanganya kikombe na itakuwa jiwe mbele ya kumaliza kupaka. Mvua nayo inaleta unyevu, rezini haiipendi. Mwezi wa nane na tisa vumbi nyekundu inaingia hata mu meno, rangi itatoka sawa karatasi ya kusugulia. Kwa hiyo kazi ya karosri uipange mwezi wa ine mwisho mpaka wa tano, mvua imeisha na vumbi haijaamuka. Na usitoboe fibre na mesh butu, weka ruba ya rangi juu, toboa polepole kutoka upande wa inje, ile jelkoti (ngozi ya juu ya fibre) haitapasuka.

Umeme unasumbua batu juu ya jambo moja: fibre haipitishi mase, ile njia ya umeme kurudi ku batri. Ku Toyota ya bati, taa inajipatia mase ku karosri, kwako kila taa, kila mota, klakso, byote bitake waya yake ya mase mpaka ku shasi, na ku shasi upasugule rangi mpaka chuma kionekane. Taa zikianza kuwaka kidogokidogo ao kiashiria cha kuume kikiamusha kile cha kushoto, usiguse fiuzi, tafuta mase. Ventilateri ya umeme iwe kubwa, juu ambuteyaji (foleni ya motoka) ya mangaribi ya L'shi haina huruma na pua ndogo ya Seven.

Freni: tiyo za mupya, DOT 4, unatosha hewa kuanzia gurudumu la mbali kabisa na metre-silinda. Ekru za magurudumu ya Toyota funga karibu Nm 100 na kile kifungulio cha kupimia, si kwa kuruka juu yake.

Mara ya kwanza usiende mbali. Zunguka kwa premie, vitesi ya kwanza, mu mahali pa wazi, piga freni kwa nguvu, uone kama inavuta upande. Rudi, lala chini, tafuta mafuta yenye inatoka. Fanya paralelismu mahali benye mashine, si kwa kamba. Plake na asiransi zikitoka, uiendeshe pole kilometre 200 ya kwanza mu muji, kisha ipandishe tena na upitie kila bulo ya suspansio na kifungulio mu mukono, moja moja, na uweke alama ya rangi nyeupe kutoka ku ekru mpaka ku chuma, siku ingine ukichungulia tu utaona ile imesogea. Hiyo ikipita, njia ya Likasi ni yako, uondoke asubuhi mapema mbele ya malori ya shaba.