Kuchagua stesheni ya kulehemu kwa bodi zisizo na risasi (madini ya ledi)

Juzi kijana mmoja alinijia bandani Mwanakwerekwe, Unguja, na bodi ya inveta. "Ami, nimepandisha mpaka nyuzi 450, lehemu haiyeyuki." Pedi mbili, vile vibati vya shaba ambapo miguu hulehemiwa, zilishang'oka. Stesheni yake, yaani pasi ya kulehemu na kisanduku chake cha kudhibiti joto, ni mpya, skrini inang'aa, ncha kama sindano.

Hatua ya 1: Jua unachoyeyusha. Tafuta kwenye bodi alama ya Pb (risasi) iliyopigwa mstari, au neno RoHS, sheria ya Ulaya; zote maana yake lehemu haina risasi. Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vingi vya umeme tangu Julai 2006, viwanda vikafuata. Lehemu ya zamani, bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. SAC305, lehemu isiyo na risasi, yaani bati 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, huanza kuyeyuka kwenye 217.

Hatua ya 2: Angalia hita ilipo, namba ya skrini iache. Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima, adhuhuri mpaka magharibi, kwa mguu mmoja wa kapasita ya TV. Mguu wa negativu umeshikana na shaba iliyotandazwa bodi nzima, nayo inanyonya joto kama mchanga unavyokunywa maji. Stesheni yangu ilikuwa ya aina ya 936: hita ndani, ncha imevishwa juu kama kofia. Skrini ikisoma 400, kumbe ncha pale inapogusa imeshapoa, na kihisi cha joto kilichoko nyuma hakina habari.

Kwa hiyo chukua stesheni ya ncha za aina ya T12, ambapo ncha, hita na kihisi ni kipande kimoja. Ikipoa inajijua hapo hapo. Wati 70 hivi zinatosha. Stesheni za kampuni ya JBC ni bora zaidi, lakini kwa bei ile mimi nanunua T12 na akiba ya ncha. Ncha yenyewe iwe bapa kama patasi, milimita 2.4, ya sindano inagusa padogo mno, iache dukani.

Hata hivyo T12 si muujiza. Mguu mzito upashe kwanza kwa hewa ya moto kutoka chini ya bodi, tia flaksi (dawa ya kuifanya lehemu ishike), ongeza lehemu mpya kidogo, ndipo uguse. Usikandamize, pedi itang'oka. Mimi naanza na 350, na sivuki 380. Shaba ya ncha imevikwa ngozi ya chuma, na lehemu isiyo na risasi, kwa wingi wa bati lake, inaila ngozi hiyo. Ukizidisha moto inaila upesi zaidi. Ikitoboka, ncha imekwisha.

Hatua ya 3: Pima ethi, yaani waya wa ardhi wa usalama. Stesheni ikiwa haijachomekwa, weka mita ya kupimia om baina ya ncha na pini ndefu ya plagi, ndiyo ya ethi. Isome chini ya om 2. Stesheni nyingi za kuigiza zinakuja ncha haikuungwa na ethi kabisa. Yangu moja ilikuwa hivyo. Nikaifungua nikaunga waya mwenyewe.

Hatua ya 4: Nyuzi za shaba nyeupe kwa kusafishia, si sponji ya maji inayoipoza ncha ghafla. Na kabla ya kuzima, ivike ncha lehemu nzito. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, ncha iliyolala uchi asubuhi utaikuta nyeusi, haishiki kitu.

Lehemu ya bodi ya yule kijana iliyeyuka kwa 360. Pedi zake nimeziunga kwa waya mwembamba.