Kabla ya tofali la kwanza: kuseti nyumba kwenye kiwanja cha mteremko

Mara nyingi naitwa saiti mambo yakiwa yameshaharibika. Mitaro imechimbwa, fundi kakaa juu ya rundo la mchanga, mwenye nyumba na jirani hawasalimiani. Nikiuliza walianzia wapi kupima, jibu ni lile lile: ukuta wa jirani.

Siwacheki, maana yamenikuta. Nilipoanza kazi niliacha mita 1.5 kutoka kwenye ukuta wa jirani nikajiona makini. Kumbe ukuta wenyewe ulikuwa umeingia kwetu sentimita 40. Upande wa pili tukakosa nafasi inayotakiwa, ikaja X nyekundu, tukavunja msingi wenye siku tisa.

Hapa nitaonyesha kuseti, yaani kupima na kuweka alama za nyumba kiwanjani kabla ya kuchimba, kwa nyumba ya mita 12 kwa 9 kwenye mteremko, kama vilivyo viwanja vingi vya Goba au Madale hapa Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Tafuta bikoni

Chukua ramani ya upimaji ya kiwanja. Ina namba za bikoni, urefu wa kila upande na koodineti. Bikoni ni alama ya kona ya mpaka wa kiwanja, chuma kilichozungushiwa zege, na mara nyingi imefukiwa na greda au kifusi, kwa hiyo nenda na jembe. Ukiipata, pima kwa futi (utepe wa kupimia) hadi inayofuata, ulinganishe na ramani. Namba zisipokubaliana, simamisha kazi umwite mpima ardhi aliyesajiliwa. Usiisogeze mwenyewe, ni kosa kisheria.

Na simu je? Mteja mmoja aliingiza koodineti za ramani yake kwenye simu, ikatupeleka mtaa mwingine kabisa. Ramani nyingi za zamani Tanzania zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu inatumia WGS84, na kati ya mifumo hiyo kuna tofauti ya karibu mita 300 kaskazini–kusini. Hata ukibadilisha mfumo, simu bado inakosea mita kadhaa. Itakufikisha mtaani, mpaka haiwezi kukuonyesha.

Kama kuna mto karibu, pima na huo umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni.

Hatua ya 2: Chimba mashimo, mwite mhandisi

Mashimo mawili au matatu ya kina cha mita 1.5 hadi 2, moja likiwa upande wa bondeni, yanamtosha mhandisi kuanza kuongea na wewe kuhusu nyumba ya chini. (Ghorofa ni habari nyingine, inataka vipimo kamili vya udongo.) Anachotafuta ni maji, kifusi cha zamani, na udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ukiwepo, msingi wa kawaida wa mkanda (zege refu linalofuata kuta) utakupasulia kuta hata kama zege lako ni zuri. Mchoro uliochorewa kiwanja cha shemeji yako haujui chochote kuhusu udongo wako.

Hatua ya 3: Piga pembe

Vuta uzi kutoka bikoni hadi bikoni. Kutoka kwenye uzi huo pima nafasi iliyoandikwa kwenye kibali cha ujenzi, piga kigingi A, kisha B mita 12 mbele. Kupata D, kona iliyo mita 9 kutoka A, mtu mmoja ashike futi pale A kwenye mita 9, mwingine ashike ya pili pale B kwenye mita 15. Futi zinapokutana ndipo D. Ni ile 3-4-5 ya mafundi, imezidishwa mara tatu. C ipate hivyo hivyo kutokea upande wa pili.

Sasa pima kona kwa kona, A hadi C na B hadi D. Zote zisome 15. Pande zote nne zinaweza kuwa sawa na nyumba bado ikawa imelala kama kiberiti kilichokaliwa. Tofauti ya sentimita 1 naivumilia, ikifika 3 narudia.

Kwenye mteremko futi isilale ardhini. Ishikwe mlalo, na timazi ishushwe kutoka kwenye alama. Kiwanja chetu kinashuka sentimita 88.5 kwa upande wa mita 12, kwa hiyo ukiifuata ardhi unapoteza zaidi ya sentimita 3, halafu unashinda mchana kutwa ukitafuta kwa nini kona hazikubali.

Vigingi vya kona vitachimbwa pamoja na mtaro. Ndiyo maana tunaweka profaili: mbao zilizopigwa mita 1 au zaidi nje ya mtaro, zenye misumari ya kingo za mtaro na za ukuta. Uzi ukipotea, unaurudisha kwenye msumari.

Hatua ya 4: Vimo

Hapa ndipo hela za watu zinapotea, na ndipo wengi wanapita mbio. Simika leveli (darubini ya kupimia vimo) katikati ya saiti, ili umbali wa kwenda kila kona ukaribiane. Stafu, fimbo yenye namba inayosomwa kwa leveli, ikisimama A inasoma mita 1.150. Ikisimama B inasoma 2.035. Wageni huchanganyikiwa hapa: namba kubwa ina maana ardhi iko chini. Toa, unapata 0.885.

Tuseme sakafu iwe sentimita 30 juu ya ardhi ya A. Basi leveli ikiwa haijaguswa, popote stafu inaposoma 0.850 ndipo usawa wa juu wa jamvi (zege la sakafu). Weka alama ya usawa huo mahali pasipochimbwa. Ukuta wa jirani, uliotusumbua mwanzoni, unafaa sana kwa hili. Mwombe tu ruhusa.

Upande wa B sakafu itakuwa mita 1.185 kutoka ardhini. Kwa kozi (mstari mmoja wa tofali) ya sentimita 25 pamoja na mota, hizo ni kozi karibu tano juu ya ardhi, wakati upande wa A ni moja na kidogo. Ukitoa jamvi la sentimita 10, kujaza ndani kunakula karibu mita za ujazo 70, yaani safari kumi za lori la mita 7, na ukishindilia utaongeza. Bajeti ya kifusi inajulikana asubuhi hiyo, kabla hujanunua tofali. Jaza kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila moja lishindiliwe.

Huna leveli? Mpira wa maji unaoonyesha ndani unafanya kazi ile ile, ilimradi hauna mapovu wala haujakanyagwa.

Hatua ya 5: Kabla ya kumwaga

Mhandisi akague sakafu ya mtaro na nondo akiwa amesimama saiti. Rudia kona kwa kona kwa kutumia nyuzi za profaili. Kisha piga picha, futi ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye bikoni hadi kwenye uzi na namba zikisomeka, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.