Pesa iliyobaki baada ya kampeni: mhazini afunge vipi daftari

Ndugu wahazini wa kata na majimbo hapa Dodoma,

Kampeni ikiisha, wapiga debe hurudi mashambani, na mhazini hubaki na salio. Najua uzito wake. Mwaka mmoja kamati yetu ilibakiwa na laki nne na ushee kwenye simu ya mtu mmoja, bila karatasi. Zikayeyuka. Mama lishe aliyetupikia alilipwa miezi mitatu baadaye, kwa mchango mpya. Kalamu nilikuwa nayo mimi, kwa hiyo lawama ni yangu pia.

Hatua ya kwanza: zuia matumizi, hesabu. Asubuhi baada ya kura, senti isitoke bila saini mbili. Hesabu taslimu, salio la simu, benki, hata dizeli iliyolipiwa sheli ikabaki. Huku kwetu watu huchanga mazao: magunia ya mahindi ambayo hayajauzwa pale Kibaigwa nayo ni pesa. Yaandike kwa bei ya siku hiyo.

Hatua ya pili: madeni. Hapa ndipo wengi hukosea. Salio haliitwi baki mpaka madeni yaishe: gari la matangazo, posho za mawakala, turubai, chakula. Bodaboda hana risiti, basi andika jina, kiasi na tarehe, aweke saini au dole gumba. Fanya hivyo wiki ileile, maana mwezi ukipita kila mtu anakumbuka kiasi chake.

Hatua ya tatu: taarifa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea atoe hesabu kwa chama chake, na chama kiwasilishe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Baki lionekane humo.

Hatua ya nne: baki liende wapi? Soma kwanza kanuni za chama chako. Ushauri wangu ni kikao chenye muhtasari, kisha baki liende chama kwa stakabadhi, au lirudi kwa wachangiaji. Mfuko wa mgombea haumo.

Marekani, kwa wagombea wa Bunge lao la Congress na urais, kipimo ni hiki: kama gharama ingekuwepo hata asingegombea, ni yake binafsi na pesa ya kampeni isiiguse. Anaweza kulipia madeni, kukipa chama bila kikomo, kutoa sadaka kwa taasisi za hisani au kurudishia watu. Zamani wabunge waliokuwamo mwanzoni mwa 1980 waliruhusiwa kuondoka na pesa iliyobaki wakistaafu. Sheria ya 1989 ikaufunga mlango huo kuanzia 1993. Aliyekuwa mbunge huko, Jesse Jackson Jr., alihukumiwa miezi 30 jela mwaka 2013 kwa kutumia takriban dola 750,000 za kampeni kwa mambo yake.

Maswali ya wanachama

*Kondoa: Shikamoo mzee. Mgombea wetu alitia pesa zake. Arudishiwe?*
Marahaba. Kama siku ile iliandikwa kuwa ni mkopo, ni deni, lilipwe pamoja na mengine. Karatasi iliyoandikwa baada ya kura usiipokee.

*Mpwapwa: Tumeshinda, diwani anataka tuchinje ng'ombe kuwashukuru wananchi.*
Achinje wa zizini kwake. Waliochanga walichangia kampeni, na wengine walitoa elfu mbili wakiwa hawana ya chumvi.

*Bahi: Fulana na kofia zilizobaki?*
Ziorodheshe, zipeleke ofisi ya chama ya kata, wasaini kupokea. Spika za kukodi zirudi kwa mwenyewe leo, kila siku ina bei.

*Chamwino: Kaka, imebaki elfu themanini tu. Mwenyekiti anasema tugawane nauli.*
Hapana, mdogo wangu. Anayedai nauli alitakiwa awemo kwenye orodha ya madeni, kwa jina na safari aliyokwenda. Kama hayumo, elfu themanini zote ziende na stakabadhi, na nakala ubaki nayo wewe.