Kuunganisha /bin, /sbin na /lib ndani ya /usr kabla ya kupandisha Debian 11 kwenda 12

Mashine nyingi ninazozitazama hapa Pemba, za maabara za skuli na za ofisi ndogo ndogo za Wete na Chake Chake, zilitiwa Debian 9 (Debian ni mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux) au ya kabla yake. Tangu siku hizo zimekuwa zikipandishwa toleo tu, bila ya kuanzwa upya. Ndizo hizo zenye mpangilio wa zamani: baadhi ya programu ziko /bin, nyengine /usr/bin. Mashine zilizotiwa Debian 10 ya mwaka 2019 na kuendelea huwa kwa kawaida zimeshaunganishwa, yaani /bin, /sbin na /lib zao ni viungo tu vinavyoelekeza ndani ya /usr.

Debian 12, iliyotoka 2023, haiukubali tena mpangilio wa zamani. Ukipandisha toleo, kuunganisha kutafanyika kwenyewe katikati ya mamia ya vifurushi vya programu vinavyobadilishwa. Mimi sifanyi hivyo. Naunganisha mapema, ningali kwenye 11, siku yake peke yake, ili kitu kikikwama nijue ni nini kilichokwama.

Kwa nini saraka (folda) ziligawanywa? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiijenga Unix, mfumo ambao Linux imeuiga, diski ya kwanza ilijaa, programu zikamwagikia diski ya pili iliyoitwa /usr. Diski zimekua, mgawanyo ukabaki. Fedora, Linux nyengine, iliuondoa 2012.

1. Tazama hali ilivyo

`ls -ld /bin /sbin /lib /lib64`

Ukiona mistari inaanza na herufi l, na mwisho pana mshale kama `/bin -> usr/bin`, kazi imeshafanyika na huna la kufanya hapa. Ikianza na d, endelea.

2. Tafuta majina yanayogongana

Hapa ndipo pa kukaa na kutulia. Faili likiwapo /bin na jengine lenye jina hilo hilo likawapo /usr/bin, na si kitu kimoja, haiwezekani yote mawili yaingie mahali pamoja. Endesha hii ukiwa root (msimamizi wa mashine):

`find /bin /sbin /lib /lib64 ! -type d | while read -r f; do [ -e "/usr$f" ] && ! [ "$f" -ef "/usr$f" ] && echo "$f"; done`

Isipotoa kitu, njia nyeupe. Ikitoa jina, usifute haraka. Uliza kwanza kila faili ni la kifurushi gani, kwa dpkg, programu inayoweka daftari la vifurushi:

`dpkg -S /bin/tar`
`dpkg -S /usr/bin/tar`

Mfano huu wa tar si wa kubuni. Katika ofisi moja nilikuta `/usr/bin/tar` ambayo haikutoka kwenye kifurushi chochote. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameandika skripti ndogo ya kuhifadhi hesabu za kila jioni, akaipa jina la tar, nayo ikiita `/bin/tar` ya kweli. Kwa kuwa /usr/bin hutafutwa kabla ya /bin, ilifanya kazi miaka yote na hakuna aliyejua. Lau ningeifuta, pale ofisini wangekosa nakala za hesabu zao bila ya kuona onyo lolote. Niliihamishia `/usr/local/bin` kwa jina jengine, maana saraka hiyo haiguswi na uunganishaji huu, kisha nikarekebisha mstari wake ndani ya cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe. Kanuni yangu ni hii: dpkg ikiwa inalijua faili, libakie; lisilo na mwenyewe ndilo linalohama.

3. Chukua nakala

Hakuna amri ya kurudi nyuma baada ya kuunganisha. Chomeka diski ya nje iliyofomatiwa kwa ext4, kwani ya FAT itapoteza ruhusa za mafaili, kisha:

`rsync -aAXHx / /mnt/bekapu/`

Alama ya x huifanya ibakie kwenye patisheni moja, kwa hiyo kama /usr au /home ni patisheni mbalimbali, zinakili nazo. Ifungue bekapu uione kwa macho yako kabla ya kuendelea.

4. Umeme

Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na tunaushukuru, lakini sianzi kazi hii bila ya UPS yenye betri nzima. Laptopu iwe na chaji. Kaa mbele ya mashine yenyewe. Kama huna budi kuingia kwa mbali kwa ssh, fungua `tmux` kwanza ili mtandao ukikatika kazi isikatike.

5. Unganisha

`apt-get update`
`apt-get install usrmerge`

Natumia apt-get kwa makusudi. Ile `apt` hufuta vifurushi ilivyovipakua baada ya kuvitia, ilhali apt-get huviacha ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Vinakili kwenye flashi uvipeleke mashine nyengine, usile bando mara kumi kwa kitu kimoja.

Itakuuliza kama uko tayari, kubali. Ikikuta mgongano uliokupita itasimama na kuutaja. Usizime mashine. Rekebisha lililotajwa, kisha `apt-get -f install`, nayo itaendelea.

Nakusihi usijaribu kuhamisha kwa mkono na mv. Karibu kila programu, hata ls, ikiamka huita kwanza `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Ukiiondoa /lib64 kabla ya kiungo kukaa mahali pake, amri inayofuata haiamki, na hiyo `ln` ya kurekebishia ni miongoni mwa zilizokufa. Kifurushi cha usrmerge hutia mafaili /usr kwanza, ndipo kikageuza saraka kuwa kiungo.

6. Hakikisha

Rudia amri ya hatua ya 1. Sasa uone mishale. Kisha `reboot`. Kama /usr ni patisheni yake, usiogope: initramfs ya Debian, mfumo mdogo unaoamka kabla ya mfumo wenyewe, huifungua mapema.

Kuna jambo moja litakalokushitua. `dpkg -S /usr/bin/ls` itasema haikupata kitu, na `dpkg -S /bin/ls` itajibu coreutils. Faili halikupotea; daftari la dpkg bado linalitambua kwa anwani ya zamani. Usilihariri daftari hilo.

Iache mashine siku mbili tatu ikifanya kazi zake za kawaida. Chapisha karatasi, subiri cron ya usiku ipite, usome makosa yaliyoandikwa kwa `journalctl -p err`. Mimi huandika tarehe kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ubavuni mwa mashine, ili fundi atakayekuja ajue imeshaunganishwa. Baada ya hapo ndipo ninapobadilisha bullseye (jina la Debian 11) kuwa bookworm (jina la 12) ndani ya `/etc/apt/sources.list`.