Vitumbua vya Mchele kwa Shughuli ya Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Nimechoma vitumbua nyumbani kwangu Magomeni kwa miaka mingi, mara nyingine kwa chai ya jioni ya watu wanne tu, mara nyingine kwa hitima, akika na siku za kuzaliwa za watoto. Makosa mengi niliyoyaona, yakiwemo yangu mwenyewe, hutokea ndani ya bakuli kabla kikaango hakijabandikwa jikoni. Mpishi hulaumu moto au hulaumu kikaango, ilhali rojo lake lilikwisha kuharibika saa nzima kabla. Kwa sababu hiyo nitakaa muda mrefu zaidi kwenye mchele, tui na hamira, na sehemu ya kuchoma nitaipitia kwa ufupi kidogo.

Kwa vitumbua 30 hivi, kwa kutegemea ukubwa wa mashimo ya kikaango chako, andaa mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, wali mweupe uliopoa vijiko 3 vya chakula, sukari nusu kikombe, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo sana na mafuta ya kuchomea.

Hatua ya 1: Kuchagua na kuloweka mchele

Mchele wa Kyela, pamoja na sifa zake zote za kunukia, ninauacha kwa ajili ya wali na pilau, kwa sababu iliki na tui vitaifunika harufu yake na fedha yako itakuwa imekwenda bure. Mchele wa kawaida uliokaa unatosha kabisa, ilimradi usiwe wa mavuno mapya, kwa maana mchele mpya hunata na kutoa kitumbua kizito.

Uoshe mpaka maji yatoke meupe, kisha uloweke kwa maji mengi usiku kucha au kwa muda usiopungua saa 6. Ili kujua kama umeiva maji, chukua punje moja uibane kwa kucha za vidole viwili: ikivunjika kwa urahisi na kuacha unga, uko tayari, lakini ikitoa mlio na kubaki na kiini kigumu, uache uendelee kulowa. Katika miezi ya joto kali ya Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, badilisha maji kabla ya kulala au weka bakuli kwenye friji, la sivyo asubuhi utaukuta mchele umeanza kutoa harufu ya uchachu ambayo iliki haiwezi kuificha.

Hatua ya 2: Kukamua tui na kusaga

Nazi mbili za ukubwa wa kawaida zinatosha. Ukikuna kwa mbuzi, au ukipeleka nazi sokoni zikakunwe kwa mashine, kamua kwa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo na uchukue tui la kwanza tu, kwa sababu tui la pili ni jepesi mno kwa kazi hii na litafaa zaidi kwenye mboga ya usiku huo. Tui la boksi nalo linafaa, isipokuwa lile zito sana ambalo ni lazima ulilegeze kwa maji.

Chuja mchele mpaka maji yaishe kabisa, kisha utie kwenye blenda pamoja na ule wali mweupe na kikombe 1 tu cha tui. Wali huo wengi huuona kama ubahili wa kumaliza kiporo, lakini una kazi yake. Mchele hauna ile nguvu ya kuvutika iliyo katika unga wa ngano, hivyo mapovu ya hamira hukosa cha kuyashikilia, na wanga uliokwisha kupikwa ndio unaoyazuia yasipasuke. Wapo wanaoongeza unga wa ngano kwa sababu hiyohiyo, nami siwakatazi, ila kitumbua chao hukaribia andazi na kupoteza ule ulaini wa mchele.

Saga kwa awamu, ukipumzisha blenda katikati, mpaka ukisugua rojo kati ya kidole gumba na cha shahada usisikie chenga. Kisha gusa upande wa nje wa jagi. Blenda ikisaga muda mrefu hupasha rojo joto, na siku moja nilitia hamira papo hapo kwenye rojo lililokuwa na joto la kuunguza kidole, nikasubiri saa mbili bila povu hata moja, huku wageni wakiwa wamekwisha kuketi sebuleni. Likiwa na joto, lihamishie kwenye bakuli pana na usubiri lipoe mpaka liwe vuguvugu. Nashauri pia kusaga mapema asubuhi, maana umeme una tabia ya kukatika saa ileile unapouhitaji.

Hatua ya 3: Hamira, sukari na uzito wa rojo

Tia hamira na kijiko 1 cha chakula cha sukari, kisha koroga kwa mwiko kwa dakika 3 ukiinua rojo kutoka chini kwenda juu. Sukari iliyobaki usiitie sasa. Sukari nyingi huichelewesha hamira, na zaidi ya hapo, ikiyeyuka hulilegeza rojo, kiasi kwamba aliyepima uzito kabla ya sukari hujikuta na uji mwepesi baada yake na kuanza kutafuta unga wa kuongeza.

Kwa hiyo, katika hatua hii, rojo linapaswa kuwa zito kuliko unavyotaka liwe mwishoni. Ukichota kwa upawa na kumimina, literemke kama utepe mnene usiokatika, na alama ya utepe huo ibaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Ikiwa ni jepesi kama la chapati za maji, umezidisha tui. Likiwa zito mno, ongeza tui lililobaki kijiko kimoja kimoja.

Hatua ya 4: Kuumua

Funika bakuli na uliache mahali pasipo na upepo. Kwenye joto la Januari rojo langu huumuka kwa dakika 45, ilhali Julai huhitaji saa 1 na nusu, hivyo tazama bakuli kuliko saa. Liwe limepanda karibu mara mbili, na uso wake uwe na vitundu vidogo vingi. Likianza kushuka katikati na kunukia kama togwa, umelichelewesha na ladha ya uchachu haitaondoka. Hapo ndipo utie sukari iliyobaki, iliki na chumvi, ukoroge taratibu, kisha uliache lipumzike dakika 15.

Hatua ya 5: Kuchoma

Kikaango kipya kiosheni vizuri, kipakeni mafuta na mkipashe moto mara mbili tatu kabla ya siku ya shughuli. Hata kikaango kizoefu huharibu awamu ya kwanza, na awamu hiyo ni ya mpishi na watoto walioko jikoni.

Moto uwe wa wastani: kwa mkaa, subiri makaa yavae jivu jeupe, na kwa gesi, teremsha mwali usiguse pembeni. Tia mafuta nusu kijiko cha chai katika kila shimo, yaache yapate moto, kisha mimina rojo hadi robo tatu ya shimo. Tone la rojo linapogusa mafuta lichacharike kwa sauti ndogo. Likinyamaza, kikaango bado ni baridi na vitumbua vitakunywa mafuta. Kingo zikishikana na vitundu vikajitokeza juu, huku katikati kukiwa bado na unyevu, dondoshea mafuta kidogo pembeni na ugeuze kwa kijiti cha mishikaki au spoki safi ya baiskeli, kama wafanyavyo mama wa vitumbua wa barabarani. Kila upande huchukua dakika 3 hivi. Vikibabuka nje na kubaki vibichi ndani, punguza moto, wala usiongeze muda.

Kwa shughuli ya watu 20

Mimi huhesabu vitumbua 3 kwa kila mgeni, yaani 60, na hapo wengi hukosea kwa kuumua rojo lote katika bakuli moja. Kikaango cha mashimo 7 humaliza awamu moja kwa dakika 6 hivi, hivyo vitumbua 60 ni karibu saa nzima jikoni, na rojo la mwisho litakuwa limechacha. Saga sehemu mbili, lakini zitie hamira kwa kupishana nusu saa. Wageni wakialikwa saa 10 jioni, bakuli la kwanza litiwe hamira saa 7:30 mchana na la pili saa 8:00. Utaanza kuchoma saa 8:45 na kumaliza yapata saa 9:45.

Vitumbua vinavyotoka jikoni vipange kwenye ungo uliotandikwa karatasi, bila kuvirundika, kwa kuwa mvuke ukikosa pa kutokea hulowanisha vya chini. Vifunike kwa kitambaa chepesi, kamwe si kwa sufuria. Vinavyobaki hupashwa asubuhi yake kwenye kikaango kikavu, dakika 1 kila upande, na kwangu huliwa kwa chai ya rangi yenye tangawizi.