Kuunganisha PS2 na TV ya flati: anza na mgongo wa TV

Kabla hujatoa hata shilingi, geuza TV uangalie mgongoni. Mimi nafunga madishi na ving'amuzi hapa Tanga, na siku hizi mtu akiniita kwa king'amuzi huishia kunitolea PS2, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 2, kabatini. "Fundi, tangu tununue flati, hii haina pa kuchomeka." Mara nyingi pa kuchomeka papo, ila pamebadilika sura.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000, enzi za TV za chogo, kwa hiyo usiitafutie HDMI, lile tundu la TV za kisasa linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Nyuma ina tundu moja bapa lililoandikwa AV MULTI OUT. Picha na sauti zote hutokea humo. Waya wake huishia na vichwa vitatu: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kama waya umepotea, waulize wenye PS1 au PS3 iliyokufa, maana tundu la AV ni lile lile na waya unaingiliana.

Umeme uangalie kwanza, hasa kama mashine ni ya mtumba. Ipindue usome kibandiko cha chini, penye namba inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho ikiwa 4, hiyo ilitengenezewa Ulaya na umeme wetu wa volti 230 inaupenda. Ikiwa 0 ni ya Japani, volti 100. Ikiwa 1 ni ya Marekani, volti 120. Mtego uko hapa: PS2 ile nene hutumia waya wa umeme wa kawaida wa redio, wenye matundu mawili, na waya huo unaingia kwenye zote bila kukataa. Ya Japani au ya Marekani ukiichomeka ukutani moja kwa moja unaiunguza. Itafutie transfoma ya kushusha umeme. Zile nyembamba zenye adapta ya nje, soma maandishi ya kwenye adapta penye neno INPUT. Ikiandikwa 100-240V huna wasiwasi.

Sasa mgongo wa TV. Ukikuta matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, chomeka rangi kwa rangi, bonyeza SOURCE kwenye rimoti, chagua AV, basi. Ukikosa la njano lakini ukaona la kijani, lisome vizuri: mara nyingi limeandikwa VIDEO/Y. Njano yako inaingia hapo hapo, na kwenye SOURCE bado unachagua AV, siyo COMPONENT.

Flati nyingi za karibuni zina kitundu kimoja tu cha duara, kama cha spika za masikioni, kimeandikwa AV IN. Hiki ndicho kinachowachanganya watu. Kinahitaji waya mfupi wenye kichwa cha pete tatu nyeusi upande mmoja na matundu matatu ya rangi upande wa pili. TV nyingi huja nao ndani ya boksi, na watu huuacha humo humo pamoja na kitabu cha maelekezo, kisha boksi linagawiwa jirani. Ukiununua, jua kwamba siyo zote zimepangwa sawa ndani, hata kama kwa macho zinafanana. Ukichomeka ukapata mlio wa bzzz na kioo cheusi, usirudi dukani kugombana. Chukua kichwa cha njano cha PS2 ukijaribishe kwenye tundu jekundu, halafu jeupe. Picha ikitokea kwenye jekundu, basi waya wako umepishana picha na sauti, na unaweza kuutumia hivyo hivyo kwa kubadilisha nafasi. Matundu yote matatu yakigoma, hapo ndipo ukabadilishe waya.

Kama TV ina HDMI peke yake, unahitaji kiboksi. Hapa soma maandishi ya juu yake herufi kwa herufi: unataka AV2HDMI, yaani AV inaingia na HDMI inatoka. Kuna ndugu yake HDMI2AV, umbo lile lile, matundu yale yale, kazi ya kinyume. Mama mmoja wa Chumbageni aliuziwa cha kinyume, na muuzaji akamwambia PS2 ndiyo mbovu. Haikuwa na ubovu wowote. Kiboksi hiki kinataka umeme wa volti 5 kwa waya wa USB. Tundu la USB la TV linatosha, au chaja ya simu. Pembeni kina swichi ya 720 na 1080, lakini usitegemee muujiza: picha iliyoingia na ukungu inatoka na ukungu, imekuzwa tu.

Mimi, nikiulizwa kipi kizuri, nasema waya wa komponenti, kama TV ina kijani, bluu na nyekundu za picha. Njano inabana rangi zote na mwanga kwenye waya mmoja; komponenti inazitenganisha, na tofauti unaiona kwenye namba za jezi na maandishi madogo. Lakini fuata mpangilio huu. Washa PS2 ikiwa bado kwenye waya wa njano, bila diski ndani. Ingia System Configuration, shuka hadi Component Video Out, ubadilishe kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Ndipo uzime na kubadilisha waya. Ukianza na waya, picha itatoka ya kijani au haitatoka kabisa, na hutaiona menyu ya kurekebishia. Vile vidude vidogo vya PS2 kwenda HDMI, vinavyochomekwa moja kwa moja nyuma ya mashine, navyo vinataka mpangilio huo huo. Wengi wanavitupa wakidhani vimekufa.

Ukishapata picha lakini ni nyeusi na nyeupe, diski yako huenda ni ya Marekani au Japani, inayotumia NTSC, wakati TV imewekwa PAL. Kwenye menyu ya TV tafuta mfumo wa rangi, weka AUTO au NTSC. Kwenye komponenti tatizo hili halipo.

Umbo la picha nalo. Gemu nyingi za PS2 zilichorwa kwa kioo cha 4:3, na flati ni 16:9, kwa hiyo TV inavuta picha pembeni hadi mpira unakuwa yai. Bonyeza kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti, chagua 4:3, ukubali mistari miweusi ya pembeni. Watoto watalalamika kwamba TV haijajaa, waache. Gemu chache zina chaguo la 16:9 ndani ya menyu zake, mfano GTA San Andreas, na hapo ndipo panapofaa kujaza kioo.

Halafu kuna kuchelewa. Unabonyeza pedi, mchezaji anapiga baadaye kidogo. Pedi haina kosa. PS2 hutuma picha kwa mistari ya kupishana, nusu nusu, na flati inachukua muda kuiunganisha na kuikuza kabla ya kuionyesha. Chogo haikuwa na kazi hiyo. Kwenye mipangilio ya picha washa Game Mode kama ipo, zima kila kinachojiita kulainisha mwendo au kupunguza chenga, na ushushe Sharpness karibu na sifuri, kwa sababu inachora kingo za uongo kuzunguka wachezaji. Ucheleweshaji utapungua, hautaisha. Kwa gemu za mpira unazoea haraka. Kwa gemu za kupigana, mchezaji mzuri atausikia kidoleni.

Diski za PS1 zina shida yake. Gemu nyingi za PS1 hutoa picha ya mistari 240, na flati kadhaa haziitambui ikipitia komponenti: kioo kinabaki cheusi ingawa sauti inasikika. Rudi kwenye waya wa njano, kwa kawaida hukubali.

Na ile bunduki ya gemu za kulenga shabaha, usiihangaikie. Inasoma mwale unaochora picha kwenye kioo cha chogo, na flati haina mwale huo, uweke waya gani, uweke kiboksi gani. Kama bado una chogo linalowaka, libakize kwa ajili yake.